Shule ya Sheria ya Soochow, Shanghai: 1915 hadi 1952

Septemba 1915 Charles Rankin, mwanasheria wa Kimarekani aliyefika China kufundisha katika shule za Wamethodisti, alifungua shule ya sheria jijini Shanghai kama tawi la Chuo Kikuu cha Soochow, ambacho makao yake yalikuwa mji wa Suzhou. Fedha zilikuwa haba. Hata hivyo Shanghai ilijaa mawakili na majaji wa kila taifa, naye akawaendea kuwaomba wafundishe wakitoka kazini. Ndiyo maana vipindi vilikuwa vya jioni, ofisi zikishafungwa. Jaji Charles Lobingier wa Mahakama ya Marekani nchini China aliitikia mapema. Wahitimu wa kwanza, mwaka 1918, walikuwa 7.

Haikuwa bahati kwamba shule hii ilizaliwa Shanghai. Mwingereza aliyeshtakiwa pale alihukumiwa na jaji wa Kiingereza, Mmarekani na wa kwao. Mchina wa Makazi ya Kimataifa, sehemu ya jiji iliyosimamiwa na wageni, alipelekwa Mahakama ya Mchanganyiko, ambako afisa wa kigeni aliketi ubavuni mwa hakimu wa Kichina. (Wazanzibari waliwahi kuyaona ya namna hiyo: mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Sayyid Said uliwapa makonsuli wa Kimarekani mamlaka ya kuamua migogoro ya raia wao.) Mataifa makubwa yaliahidi kuiachia China mamlaka hayo pale sheria zake zitakapoyaridhisha. Kuanzia 1902 serikali ya kifalme ya Qing ilimkabidhi afisa wake Shen Jiaben kazi ya kuzirekebisha, na 1905 adhabu ya kumkata mtu vipande ikafutwa. Kwa hiyo aliyesoma sheria za Magharibi alikuwa na hesabu yake: ajifunze kwa mgeni ili mgeni afunge mahakama yake.

Rankin aliipa shule jina la Shule ya Sheria Linganishi ya China, na jina lilifanana na kazi. Mwanafunzi alisoma sheria za China, za Uingereza na Marekani, na za bara la Ulaya, kisha akaenda kubishana katika mahakama ya mazoezi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo heshima yake kubwa kuliko zote. Fikra za Kichina kuhusu haki zilikaa meza moja na za Roma na London, zikiulizwa maswali yaleyale.

Hakuna aliyeyaonyesha hayo kuliko Wu Jingxiong, mzaliwa wa Ningbo, aliyehitimu 1920 na mwaka uliofuata akapata shahada Michigan. Akiwa huko aliandika makala kuhusu kanuni za kale za China na kumpelekea Oliver Wendell Holmes, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 80. Mzee alijibu, na barua zikaendelea kwa miaka. Wu alipofanywa jaji Shanghai mwaka 1927, alimwandikia kwa furaha kwamba sasa atapata nafasi ya kuingiza mawazo ya Holmes katika sheria za China. Mwaka huohuo akawa mkuu wa shule iliyomlea.

Kanuni mpya za sheria za madai zilipotoka kati ya 1929 na 1931, zikiwa na vifungu 1,225, Wu hakumung'unya maneno: asilimia 95, alisema, asili yake ni Ujerumani na Uswisi, ama vimenakiliwa au vimebadilishwa maneno kidogo. Lakini hakuona aibu. Aliona Ulaya yenyewe ilikuwa inauacha ubinafsi na kuielekea jamii, na huko Wachina walikuwapo tangu zamani. Jibu hilo ni la wakili mwerevu. Nusu yake naikubali. Baadaye, alipoingia Ukatoliki mwaka 1937, alimwacha Holmes nyuma na kuikumbatia sheria ya maumbile ya Thomas Aquinas, akiisoma pamoja na Confucius na Mencius, waliofundisha kwamba juu ya mtawala ipo amri ya Mbingu.

Shule ilikuwa na upungufu wake. Masomo mengi yalitolewa kwa Kiingereza, na mkulima wa bara hakuwa na njia ya kulifikia darasa la namna hiyo.

Mahakama za kigeni zilikoma kwa mikataba ya 1943, wakati vita na Japani vilikuwa vimeshaihamishia shule Chongqing. Ilirudi Shanghai, lakini 1949 Chama cha Kikomunisti kilizifuta sheria zote za serikali iliyotangulia, na 1952 shule ikavunjwa, masalio yake yakaingizwa katika chuo kipya cha siasa na sheria. Wahitimu waliokimbilia Taipei walifufua jina la Soochow huko. Suzhou ililirudisha 1982.

Wawili wa darasa la 1928 walifika The Hague. Mmoja, aliyeitwa Ni Zhengyu, alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuanzia 1985. Mwenzake, Li Haopei, aliketi katika mahakama ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia, na Oktoba 1997 alikuwa miongoni mwa majaji watano wa rufaa ya askari Erdemović, ambapo ilibidi wapime sheria za Kiingereza na za bara la Ulaya kuhusu mtu aliyeua kwa kushurutishwa. Alifariki mwezi uliofuata akiwa bado jaji, na umri wa miaka 91.