Taa Nyekundu ya Oili Ikiwaka: Zima Injini Kwanza, Maswali Baadaye

Uko Thika Road, ngoma iko juu, mara kwa dashibodi kunawaka kataa kekundu kenye picha ya kakopo ka oili kanadondosha tone. Wasee wengi hudhani inasema "ongeza oili ukifika petroli stesheni". Zii. Inasema presha ya oili imeshuka, na injini inaweza kufa kabla hujafika hiyo stesheni.

Kiwango na presha si kitu moja

Oili hukaa chini kwa sampu. Pampu inaivuta kupitia kachujio, inaipitisha kwa filta, halafu inaisukuma mpaka kwa kranki, beringi na kemshafti. Hizo chuma hazifai kugusana. Kati yao kuna utando mwembamba wa oili, na ni presha ndio huuweka hapo. Presha ikiisha, chuma inakula chuma. Hapo ndio utasikia fundi akisema "injini imenok", na uanze kutafuta doo ya injini ya mtumba kutoka Japani.

Gari nyingi huwasha hiyo taa presha ikishuka chini ya kama 5 hadi 7 psi. Mafundi hutumia hesabu rahisi: injini yenye afya iwe na karibu 10 psi kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Kwa hivyo taa ikiwaka ukiwa unaendesha, presha imebaki kidogo sana. Hiyo story ya "nitaenda polepole tu mpaka mtaani" haiokoi kitu.

Gari zingine zina taa ya njano ya oili. Hiyo huwa ya kiwango, na inakupa nafasi kiasi. Nyekundu haikupi.

Ikiwaka, fanya hivi

1. Toka barabarani mahali salama, zima injini. Washa hazadi, weka zile pembetatu nyekundu nyuma ya gari.

2. Ngoja dakika 5 hadi 10 oili irudi chini. Gari ikae mahali tambarare.

3. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili inafaa kuwa kati ya zile alama mbili. Kwa gari nyingi ndogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja.

4. Chungulia chini ya gari. Kama oili inamwagika, usiwashe. Labda sampu ilipasuliwa na jiwe ama bampu, ama filta haikukazwa vizuri.

5. Kama iko chini na haimwagiki, ongeza oili ya gredi imeandikwa kwa kifuniko ama kitabu cha gari, kama 5W-30. Mimina kidogo kidogo ukipima. Usipitishe alama ya juu.

6. Washa. Taa inafaa kuzima kwa sekunde chache. Isipozima, ama ukisikia ko-ko-ko, zima na uite bredauni. Pesa ya bredauni inauma, lakini injini inauma zaidi.

Na kama imezima, bado hujamaliza. Oili ilienda wapi? Moshi wa bluu kwa ekzosti inamaanisha injini inaichoma. Madoa pale huwa unapaki inamaanisha inavuja.

Iliwaka saa ngapi?

Mwambie fundi hii kitu, itamsaidia sana.

Kwa kona ama ukishika breki: mara nyingi oili ni kidogo, inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa.

Gari ikiwa moto na imesimama kwa jam: oili imekuwa nyepesi, ni ya gredi mbaya, ama beringi zimeisha. Oili ikinuka petroli, imechanganyika na mafuta.

Punde tu baada ya servisi: filta mbaya, ama mpira wa filta ya zamani ulibaki pale na mpya ikawekwa juu yake.

Muda wote, na injini haina kelele yoyote: inaweza kuwa ni sensa ama waya tu. Lakini usibahatishe, pima.

Kabla fundi akuuzie pampu

Kama kiwango kiko sawa na taa bado inawaka, fundi wa ukweli hatakimbilia kufungua injini. Atatoa sensa ya presha, afunge geji ya mkono kwa hiyo shimo, awashe kidogo asome. Geji ikisoma poa, shida ni sensa ama waya, na hiyo ni kazi ndogo. Ikisoma chini, ndio aangalie filta, kachujio ka sampu kama kamezibwa na uchafu mweusi, pampu, halafu beringi mwisho. Fundi akikuambia "nunua injini" bila kupima na geji, tafuta mwingine.

Huo uchafu mweusi hutokana na kuchelewesha servisi. Na kumbuka, masaa ya jam ya Mombasa Road injini inafanya kazi na kilomita hazisongi. Ka wewe ni wa jam kila siku, badilisha oili mapema kuliko kitabu inavyosema.

Ukinunua gari, chanuka

Kuna watu huweka oili nzito kuficha shida, na wengine hukata waya wa sensa kabisa ndio taa isiwake. Kabla utoe doo, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya oili inafaa kuwaka. Isipowaka, kuna kitu imefichwa. Ikiwaka, washa injini uone ikizima, halafu zunguka na hiyo ndai mpaka ipate moto vizuri, simama ikiwa bado inanguruma, na uangalie dashibodi tena. Ikirudi kuwaka hapo, rudisha funguo.