Boma la Tabora na safari ya neno

Wapo wanaoshikilia kwamba "boma" ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yaliyotaja utawala wa kijeshi wa Mwingereza. Dai hilo halisimami. Stanley, katika kitabu chake cha 1872, analitumia neno hilo kwa uzio wa kambi na wa kijiji, na wakati huo Unyanyembe ilikuwa chini ya watemi wake, haijaona serikali ya Mzungu yeyote.

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipolala porini, watu walikata matawi ya miiba wakazungushia kambi. Hilo ndilo boma, na asubuhi liliachwa nyuma. Waliofika Tabora walikuta tembe: nyumba ya udongo yenye paa bapa, vyumba vikizunguka ua. Katika tembe la Kwihara ndimo Stanley na Livingstone walimokaa pamoja mwanzoni mwa 1872.

Mtemi Isike naye alikuwa na boma, na si la miiba. Kuta zake zilikuwa nene hata Wajerumani wakarudishwa nyuma mara zaidi ya moja. Walipolivunja Januari 1893, Isike hakungoja kutiwa pingu. Aliwasha baruti akiwa ndani.

Washindi wakajenga ngome yao juu ya mji, kuta nene kuzunguka ua, nao wakaiita Boma, hata katika maandishi yao ya Kijerumani. Jengo lilikuwa jipya. Umbo na jina walivikuta. (Ikulu nayo, tusisahau, ni neno la huku huku: makao ya mtemi.) Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, kisha mji ukawa wa Waingereza. Bendera zikapokezana, neno likabaki.

Ila maana ilikwisha hama. "Bomani" haikuwa tena ndani ya uzio, bali mbele ya meza ya mkuu wa wilaya, palipolipwa kodi na kusikilizwa kesi, hata pale ambapo ofisi haikuwa na ukuta wowote wa kuizunguka. Ngome ya Tabora yenyewe leo iko mikononi mwa jeshi, na mpita njia huitazama kwa mbali. Anayesema jirani yake amefunga ndoa ya bomani hafikirii miiba, wala baruti ya Isike.