Gurudumu bila mikono
Gurudumu bila mikono ni mruko wa jimnastiki ambapo mchezaji hupinduka kiubavu hewani, miguu ikipita juu ya kichwa, bila viganja kugusa chini. Anayejifunza huanza na gurudumu la kawaida, kisha la mkono mmoja, mpaka miguu izoee kutua mmoja baada ya mwingine. Nguvu hutoka kwenye mguu wa mbele, unaokunjwa goti na kusukuma sakafu, na mguu wa nyuma, unaorushwa juu kwa kasi ukiwa umenyooka. Kifua kikiinamishwa mapema mno, kimo hupotea. Mazoezi ya mwanzo hufanyika juu ya godoro nene, kocha akimshika mwanafunzi kiunoni. Wachezaji stadi huufanya hata juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10.