Saccheri na Ukinzani Usiopatikana

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid wa Aleksandria alikifungua kitabu chake cha Elementi kwa hoja zinazokwenda moja kwa moja. Alipofika hoja ya sita, akabadili mwendo. Alitaka kuthibitisha kwamba pembetatu yenye pembe mbili zilizo sawa lazima iwe na pande mbili zilizo sawa. Akaanza kwa kukubali kinyume chake.

Tuseme katika pembetatu ABC, pembe B ni sawa na pembe C, lakini upande AB ni mrefu kuliko AC. Basi kata kipande BD juu ya AB, kiwe sawa na AC, kisha unganisha D na C. Pembetatu DBC na ACB zinachangia upande BC. DB ni sawa na AC. Na pembe zilizo kati ya pande hizo ni sawa. Kwa hiyo pembetatu hizo zinalingana kabisa, ilhali moja ni kipande tu cha nyingine. Jambo hilo haliwezekani, kwa hiyo AB hauwezi kuwa mrefu kuliko AC.

Njia hiyo ya kukubali kinyume hadi kifike kwenye ukinzani ilikuwapo kabla yake. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikuwa ameshaitaja alipoeleza kwa nini ulalo wa mraba na upande wake havina kipimo kimoja cha kuvigawa vyote kamili: vingekuwa nacho, namba witiri ingekuwa sawa na namba shufwa. Wanafunzi wa sekondari huikuta pia kwenye mistari sambamba. Pembe mbadala zikiwa sawa, mistari haikutani kamwe. Ingekutana, ingeunda pembetatu ambayo pembe yake ya nje ni sawa na pembe ya ndani iliyo mbali nayo, wakati ya nje daima ni kubwa zaidi.

Mistari hiyo sambamba ndiyo iliyowasumbua wanahisabati kwa karne nyingi. Kanuni ya tano ya Euclid, inayoeleza ni lini mistari miwili ikirefushwa itakutana, ilionekana ndefu na nzito mno kukubaliwa bila uthibitisho. Akitafuta uthibitisho huo, Omar Khayyam, Mwajemi anayejulikana zaidi kwa mashairi, alichora pembenne yenye pembe mraba mbili chini na pande mbili za wima zilizo sawa, akauliza: pembe za juu ni mraba, butu au kali? Aliziondoa butu na kali, lakini kwa kutegemea kanuni nyingine aliyoiingiza mwenyewe.

Mwaka 1733 Girolamo Saccheri, padre Mjesuiti aliyefundisha Pavia, Italia, alichapisha kitabu chenye pembenne ya namna hiyo hiyo, akitaka kuithibitisha kanuni ya tano kwa kukubali kinyume chake. Dhana ya pembe butu ilijiangusha yenyewe. Ile ya pembe kali haikuanguka. Aliifuata hatua kwa hatua, akazalisha nadharia moja baada ya nyingine, na zote zikapatana. Mwishowe akaikataa kwa kusema inapingana na asili ya mstari mnyoofu. Hapo ndipo alipoiacha njia yake: uthibitisho wa aina hii hukamilika kwa ukinzani halisi tu, na matokeo kuwa ya ajabu si ukinzani.

Karibu miaka 100 baadaye, Nikolai Lobachevsky wa Urusi, mwaka 1829, na János Bolyai wa Hungaria, mwaka 1832, walichapisha kila mmoja kivyake jiometri iliyojengwa juu ya dhana ile ile ya pembe kali, safari hii bila kuikana. Mwaka 1868 Eugenio Beltrami wa Italia alionyesha jinsi jiometri hiyo mpya inavyoweza kusomwa juu ya uso uliopinda ndani ya jiometri ya Euclid. Kitabu cha Saccheri kilikuwa kimesahaulika. Beltrami huyo huyo ndiye aliyewakumbusha wanahisabati habari zake, mwaka 1889.