Umeme wa saa nane usiku

Ukienda Uingereza au California leo ukakuta nyumba yenye paneli za sola juu ya paa, betri ukutani na gari la umeme limeegeshwa nje, utadhani mwenye nyumba ameshamalizana na kampuni ya umeme. Wapi! Ndio kwanza kazi inaanza. Ana swali ambalo sisi wa LUKU hatulijui: achague bei ipi? Kuna mpango ambao bei ni moja usiku na mchana. Kuna ambao usiku ni rahisi na jioni ni ghali. Kuna ambao bei inabadilika kila nusu saa, na kuna ambao kampuni yenyewe inaamua gari lako lichajiwe saa ngapi. Halafu kuna bei ya umeme unaonunua na bei ya umeme wa paa lako unaowauzia wao, na hizo mbili hazilingani.

Wengi wanalijibu swali hili kwa kikokotoo. Mimi nadhani linataka historia kwanza. Vyaelea vimeundwa, na kila bei ya umeme iliundwa na mtu aliyekuwa na shida yake siku hiyo. Ukiijua shida, utajua bei hiyo inaweza kudumu hadi lini.

Turudi London, mwaka 1892. Mhandisi mmoja, John Hopkinson, alitoa hotuba kuhusu gharama za kusambaza umeme. Hoja yake naweza kuieleza kwa daladala. Mwenye daladala ananunua magari kumi kwa sababu ya watu wa saa moja asubuhi. Saa tano magari saba yamelala kituoni, lakini mkopo wa benki haulali. Kwa hiyo abiria wa asubuhi ndiye aliyemlazimisha kununua gari la kumi, na abiria wa saa tano anabebwa na gari ambalo lingekuwepo tu. Hopkinson alisema umeme ni hivyo hivyo: gharama kubwa ni ya kuwa tayari, si ya makaa yanayochomwa. Anayewasha taa pamoja na mji mzima jioni ni mteja ghali. Anayetumia umeme wengine wakiwa wamelala ni mteja rahisi, hata kama uniti zao ni sawa.

Mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza, uliifanyia kazi hoja hiyo. Mhandisi wa umeme wa mji huo, Arthur Wright, alitengeneza mita ya ajabu kidogo: bomba la kioo lenye kimiminika kilichosukumwa na hewa iliyopata joto kadiri umeme ulivyopita kwa wingi, kikamwagikia bomba la pembeni na kubaki humo. Msomaji wa mita alipokuja aliona kile kiwango cha juu kabisa ulichowahi kufikia. Mwaka 1894 akapita hapo Mwingereza mmoja aliyehamia Marekani, Samuel Insull, zamani katibu wa Thomas Edison na wakati huo mkuu wa kampuni ya umeme ya Chicago. Alishangaa kuona mji mdogo kama ule taa zinawaka kila mahali. Alipoelezwa siri ya ile mita, akaipeleka Chicago.

Insull akaanza kuwinda wateja wa saa ambazo mitambo yake ilikuwa imelala. Kampuni za tramu, viwanda vya barafu, na sikilizeni hii: magari ya umeme. Ndiyo, magari ya umeme, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kabla petroli haijashinda, barabara za miji ya Marekani zilikuwa na magari ya betri mengi tu, na kampuni za umeme ziliyapenda kwa sababu yalichajiwa usiku. Kwa hiyo ukiona leo tangazo la bei maalumu ya kuchaji gari saa nane usiku, usidhani ni uvumbuzi wa vijana wa programu za simu. Ni biashara ya babu yao.

Petroli ikashinda, magari yale yakatoweka, lakini usiku ukabaki tatizo. Uingereza ilipojenga vinu vya nyuklia, tatizo likawa kubwa zaidi. Kinu cha nyuklia hakipendi kuzimwa na kuwashwa kama jiko la gesi. Watu wakilala chenyewe kinaendelea. Umeme huo uende wapi? Mwaka 1978 ikaja bei iliyoitwa Economy 7: saa saba za usiku kwa bei ya chini, na mchana bei ikawa juu kidogo. Mamilioni ya nyumba yakawa na mahita yenye matofali mazito ndani, yakipashwa moto usiku na kuutoa taratibu mchana. Ile ilikuwa betri, ila ilitunza joto badala ya umeme. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni namna mita nyingi za nyumba hizo zilivyobadilishwa bei. Zilipokea ishara iliyofichwa ndani ya matangazo ya redio ya BBC ya masafa marefu. Mtu anasikiliza taarifa ya habari, kumbe redio hiyo hiyo inaamrisha hita la jirani liwake. Mitambo hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu Juni 2025.

Wakati huo huo serikali ilikuwa ikichimba mlima. Kituo cha Dinorwig, Wales, kilichofunguliwa mwaka 1984, kinapandisha maji mlimani usiku umeme ukiwa rahisi na kuyaachia yashuke mahitaji yakipanda. Uwezo wake ni megawati 1,728. Betri iliyoko ukutani kwa mtu leo inafanya kazi ile ile ya Dinorwig, tofauti ni ukubwa tu na nani anayepata faida.

Mpaka hapo mteja alikuwa anapokea tu. Sola ndiyo iliyogeuza mchezo, maana mteja sasa ana kitu cha kuuza. Na hapa ndipo historia inakuwa chungu.

Mwezi Aprili 2010 Uingereza ilianza kuwalipa wenye sola za nyumbani. Mfumo mdogo juu ya nyumba iliyokwishajengwa ulilipwa peni 41.3 kwa kila uniti uliyozalisha, hata ukiitumia mwenyewe, kwa miaka 25. Shida ya siku hiyo ilikuwa nini? Sola ilikuwa ghali na serikali ilitaka watu waanze. Watu wakaanza kweli, na bei ya paneli ikaporomoka. Oktoba 2011 serikali ikatangaza kwamba wapya watakaofunga baada ya Desemba 12 watapata peni 21 tu, ilhali muda wa kukusanya maoni ya wananchi ulikuwa haujaisha. Mahakama Kuu ikasema utaratibu huo si halali, na rufaa ya serikali ikagonga mwamba Januari 2012. Mpango wote ulifungwa kwa wapya mwisho wa Machi 2019. Tangu Januari 2020 kampuni kubwa za umeme zinalazimika kukupa bei fulani ya umeme unaowauzia, lakini ni bei gani? Sheria inataka tu iwe juu ya sifuri.

California ilipita njia yake ikafika karibu na hapo hapo. Sheria ya mwaka 1995 iliruhusu mita irudi nyuma: uniti moja unayoingiza kwenye gridi inafuta uniti moja unayochukua. Rahisi na tamu. Ila mapaa yalipokuwa mengi, mchana umeme ukafurika, na jua likizama mahitaji yakaruka ghafla. Mwaka 2013 wasimamizi wa gridi ya jimbo walichora mchoro wa hali hiyo, tumbo limeshuka mchana na shingo imenyanyuka jioni, na ukaitwa bata mpaka leo. Tatizo la Hopkinson halijaondoka, limehamia tu kutoka usiku kwenda mchana. Desemba 2022 mamlaka ya jimbo ikapitisha kanuni mpya: anayeingia kuanzia katikati ya Aprili 2023 analipwa kwa thamani ya umeme katika saa aliyouingiza. Kwa wastani malipo yalipungua kwa kama robo tatu. Watu walikimbilia kuwahi tarehe ya mwisho, kwa sababu waliowahi walibaki na masharti ya zamani kwa miaka 20. Waliofuata wengi wakaweka betri, maana uniti ya saa saba mchana haina bei, lakini ya kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku ni dhahabu.

Jirani zao wa Nevada walifanya kibaya zaidi. Desemba 2015 walipandisha ada na kushusha malipo, na wakawahusisha hata wale waliokwisha kufunga sola kwa kuamini masharti ya awali. Fikiria umekopa, umefunga, halafu hesabu uliyokopea inafutwa. Kampuni ya SolarCity ikaacha kuuza sola katika jimbo hilo. Mwaka 2016 wateja wa zamani wakarudishiwa masharti yao, na 2017 sheria mpya ikapitishwa.

Sitaki kuonekana natetea wenye mapaa tu. Waliobadilisha kanuni wana hoja nzito. Nguzo, nyaya na transfoma vinalipiwa na bili za watu wote. Mwenye sola bili yake ikiwa karibu na sifuri, anayebeba nyaya ni mpangaji wa chumba kimoja ambaye hata paa si lake. Hiyo ni haki? Hapana. Lakini kumgeuka mtu uliyemwahidi miaka 20 nako si haki. Ndio maana naona California, pamoja na ukali wake, ilitenda kwa ungwana kuliko Nevada: ilibadili kwa wanaokuja, ikawaacha waliotangulia.

Sasa turudi kwa yule mwenye nyumba. Tuseme, kwa mfano tu, usiku uniti ni peni 8 na jioni ni peni 30. Betri yake inajazwa kwa uniti 10, moja inapotea njiani. Analipa peni 80 usiku, anapata uniti 9 ambazo jioni zingemgharimu peni 270. Tuseme pia kampuni inanunua umeme wa paa lake kwa peni 15. Hapo akili ya kawaida inamdanganya, maana atataka kutunza jua lake kwenye betri. Kumbe afadhali aliuze jua kwa 15 na ajaze betri kwa umeme wa usiku wa 8. Lakini bei ya usiku ikipanda hadi 20, mambo yanageuka: sasa atunze jua lake. Vifaa ni vile vile, paa ni lile lile, bei moja tu ndiyo imebadilika. Na gari nalo lina kura. Likitembea kilomita 40 kwa siku linakula kama uniti 7 au 8, yaani karibu betri nzima. Mara nyingi gari ndilo linaloamua mpango, sio sola.

Kwa hiyo mambo ya kuuliza, kwa maoni yangu, ni haya. Bei hii inatatua shida ya nani? Ikiwa ni ya kampuni yenye umeme wa ziada usiku, je, magari yote ya mtaa yakianza kuchajiwa saa nane usiku, ziada hiyo itabaki? Mkataba unafungwa kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuubadili? Ada ya kila siku ni kiasi gani, hata usipotumia kitu? Na je, mipango yako inalipa hata bei ya kuuza ikishuka nusu?

Mtasema haya ni ya Wazungu. Angalieni Kenya. Mvuke wa ardhini wa Olkaria nao haupendi kuzimwa usiku, kama vile vinu vya Uingereza. Desemba 2017 viwanda na wafanyabiashara wakubwa wakapewa bei ya nusu kwa saa za usiku. Mwaka 2023 ikaja bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, na saa za mahitaji madogo ikawa nusu ya ile ya kawaida. Kanuni za mwaka 2024 zikaruhusu wenye sola kuingiza umeme kwenye gridi, ila uniti moja unayoitoa inahesabiwa nusu. California ilianza na moja kwa moja ikaishia kuikata. Kenya imeanza na nusu. Wengine wataita ubahili. Mimi naona ni afadhali nusu ya leo itakayokuwepo baada ya miaka kumi, kuliko moja kamili itakayonyang'anywa.

Bongo, uniti ya nyumbani bado haijui ni saa ngapi. Saa nane usiku na saa moja jioni, bei ni ile ile. Lakini bajaji na pikipiki za umeme zimeshaingia mjini, na sola zinazidi kupanda mapaani. Siku bei ya saa itakapobisha hodi, kuna watakaotuletea jedwali la namba nzuri na kutuhimiza tuwahi. Tuziangalie namba, sawa, lakini tuwaulize pia: ahadi hii ni ya miaka mingapi, na imeandikwa wapi?

Nyie mnaonaje? Nusu ya uhakika au moja ya mashaka?