Michoro iliyofichua siri za misuli ya uso

Mnunuzi wa mbuzi katika soko la Kabati, Kitui, huutazama uso wa muuzaji kabla ya kuliamini neno lake. Kiswahili nacho kina msamiati mpana wa shughuli hiyo: aliyekasirika hukunja uso, aliyeudhika hununa, mwenye dharau hubetua midomo, naye mwenye furaha huwa na uso mkunjufu. Kueleza ni msuli upi unaofanya kazi ipi, hata hivyo, kulihitaji kisu cha mpasuaji pamoja na kalamu ya mchoraji.

Mchoraji Mfaransa Charles Le Brun aliwahutubia wenzake mnamo 1668 kuhusu nyuso za hasira, hofu na huzuni, akitilia mkazo nyusi. Alieleza kinachoonekana nje. Aliyeingia chini ya ngozi ni Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyekuwa pia mchoraji hodari. Kitabu chake cha 1806 kiliwaonyesha wasanii misuli inayoisukuma kila hisia. Bell aliamini kuwa binadamu alipewa na Muumba misuli ya pekee kwa ajili ya kudhihirisha yaliyo moyoni.

Katika kitabu chake cha 1862, Mfaransa Duchenne alieleza alivyoitikisa misuli hiyo kwa umeme na kupiga picha. Aligundua kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo humtii mtu apendapo, ilhali ule unaozunguka jicho huitikia hasa furaha ya kweli. Kicheko cha meno tu kilipata ushahidi wake!

Charles Darwin alizitumia picha hizo katika kitabu chake cha 1872, akampinga Bell kwa kuonyesha kwamba misuli kama hiyo ipo pia kwa nyani. Katika mchoro wa uso wenye hofu kuu, vifaa vya umeme viliondolewa, na mtazamaji asiyesoma maelezo angedhani mzee yule aliogopa kweli. Darwin aliuliza pia habari kutoka nchi mbalimbali. Kapteni Speedy, aliyeishi Ethiopia, alimweleza kwamba watu wa huko husema "ndiyo" kwa kurusha kichwa nyuma na kuinua nyusi kwa nukta moja. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watalitambua jibu hilo la nyusi bila kufafanuliwa.

Faida kubwa zaidi ya kazi ya Bell imo hospitalini. Mwaka wa 1821 alieleza neva zinazoiendesha misuli ya uso, na ugonjwa wa kupooza upande mmoja wa uso ukaitwa kwa jina lake. Mgonjwa huamka mdomo umekwenda upande, jicho halifumbi, na wapo wanaokimbilia kudai amerogwa.

Daktari humwomba ainue nyusi. Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo katika kiharusi paji kwa kawaida huendelea kukunjamana, bali neva yenyewe inapoathirika, paji la upande huo hulala pamoja na shavu. Jamaa wasijaribu kuamua wenyewe nyumbani. Kiharusi hakisubiri, na hata kwa ugonjwa wa Bell, ambao wengi hupona, dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Jicho lisilofumba nalo lahitaji kulindwa lisikauke.