Majimbo na Ugatuzi katika Meru na Embu

Msafiri atokaye mjini Embu kwenda Meru huuzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki. Hupita Runyenjes, huvuka Mto Thuci, hupita Chuka na Nkubu, na baada ya saa chache huwasili Meru. Katika safari hiyo fupi huwa amekanyaga kaunti tatu, yaani Embu, Tharaka-Nithi na Meru, na kila moja ina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria, na fedha zake. Lakini lau angalipita njia iyo hiyo mwishoni mwa mwaka 1963, angalikuwa ndani ya serikali moja, Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Embu. Na lau angalipita tena mwaka 1970, asingaliona serikali ya wenyeji ya namna hiyo hata kidogo. Angaliona tu maafisa waliotumwa kutoka Nairobi.

Basi wilaya hizi zimepewa mamlaka ya nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza mamlaka hayo yalikufa kabla hayajatimiza miaka miwili, na waliolia walikuwa wachache. Mara ya pili yamedumu, ingawa kwa misukosuko. Kisa cha tofauti hiyo ndicho tunachotaka kukichunguza, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila raia.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kujitawala hakukuletwa Meru na Embu na watu wa ng'ambo. Kabla ya Waingereza kufika, watu wa nchi hizi hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee katika mabaraza, na katika Meru baraza kuu ni Njuri Ncheke, ambalo makao yake yapo Nchiru. Wazee hao walipatanisha waliogombana, walilinda desturi, na walitoa hukumu ambazo watu walizitii, ingawa hapakuwa na askari wala gereza la kuwalazimisha. Nguvu ya baraza ilikuwa ni kukubaliwa kwake na watu.

Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906, na mwaka 1908 wakaweka kituo chao Meru. Baadaye wilaya zote mbili zikawa katika Mkoa wa Kati, pamoja na nchi ya Wakikuyu, na mkuu wao akakaa Nyeri. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliruhusu mabaraza ya wenyeji katika wilaya, lakini mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, na neno la mwisho lilikuwa lake. Yalikuwa mamlaka ya kuazima, na wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa chini ya sheria moja kali. Hata hivyo, katika uchaguzi wa mwaka 1957, mtu wa makabila hayo hakuruhusiwa kupiga kura ila akiwa na cheti cha kuonyesha kwamba alikuwa mtiifu kwa serikali. Wakikuyu wengi walikikosa, na kwa hiyo sehemu kubwa ya wapiga kura wa mkoa ikawa ya Wameru. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimshinda Eliud Mathu, ambaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Toka hapo ilionekana wazi kwamba upande wa mashariki wa mlima ulikuwa na sauti yake wenyewe.

Uhuru ulipokaribia, Kenya iligawanyika kwa swali hili: mamlaka yakae Nairobi, au yagawanywe? Chama cha KANU, kilichoundwa mwaka 1960, na ambacho baadaye kiliongozwa na Jomo Kenyatta, kilitaka serikali moja yenye nguvu. Chama cha KADU, chini ya Ronald Ngala, kilitetea makabila madogo yaliyoogopa kumezwa na makubwa. Nacho kilitaka majimbo. Tusiwadharau wa upande wo wote. Hofu ya KADU haikuwa ya bure, na hoja ya KANU kwamba nchi changa na maskini haiwezi kulisha serikali nyingi haikuwa ya kipuuzi. Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962, KANU ilikubali majimbo shingo upande, kwa kuwa iliona kwamba kukataa kungechelewesha uhuru.

Mwaka huo huo tume ya mipaka, chini ya Sir Stafford Foster-Sutton, ilizunguka nchini kusikiliza maombi ya watu. Ilipokwisha kazi yake, Embu na Meru ziliondolewa katika Mkoa wa Kati. Wilaya ya Embu yenyewe ilipasuliwa: Ndia na Gichugu zilibaki upande wa Wakikuyu, zikawa Wilaya ya Kirinyaga. Sehemu iliyosalia, pamoja na Meru, iliunganishwa na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit, na yote yakaitwa Jimbo la Mashariki. Hebu fungua ramani, msomaji, uone ukubwa wa jimbo hilo. Lilianzia Moyale, mpakani mwa Ethiopia, likashuka kupita jangwani, likapanda kwenye mashamba ya kahawa ya mlimani, kisha likashuka tena mpaka nchi kavu ya Ukambani. Mfugaji wa ngamia wa Marsabit na mkulima wa Runyenjes walitakiwa wajione kuwa wenyeji wa nyumba moja, ilhali hawakuwahi kukaa pamoja barazani hata siku moja.

Wanasheria walijitahidi kuyalinda majimbo hayo. Palikuwa na Seneti ya wajumbe 41, iliyowekwa mahsusi kuyatetea, na sehemu zilizo muhimu zaidi za katiba hazikuweza kubadilishwa ila kwa robo tatu ya kura za Bunge na kura tisa katika kila kumi za Seneti. Mtu aliyeisoma katiba hiyo angalidhani kwamba majimbo yamejengewa ngome ya mawe.

Lakini ngome haisimami bila ya walinzi. Uchaguzi wa Mei 1963 ulipofanyika, KANU ilishinda. Katika Meru na Embu watu waliwafuata viongozi wa chama hicho, na mmoja wao, Jackson Angaine wa Meru, akafanywa Waziri katika serikali ya Kenyatta. Upande wa Ukambani Paul Ngei alikuwa na chama chake mwenyewe, African People's Party, lakini mwezi wa Septemba mwaka uo huo alikivunja akarudi KANU. Kwa hiyo Jimbo la Mashariki likawa mikononi mwa watu wa chama ambacho hakikutaka majimbo yawepo. Aliyepewa ufunguo wa ghala ndiye aliyetamani ghala libomolewe.

Jambo la pili lilikuwa fedha. Majimbo hayakuwa na mapato makubwa ya kwao wenyewe. Yalitegemea ruzuku kutoka Nairobi, na Nairobi haikuwa na haraka ya kukabidhi wala kazi wala fedha. Mwezi wa Novemba 1964 KADU ilijivunja, na wajumbe wake wakahamia upande wa serikali. Kizuizi cha Seneti kikaondoka bila ya vita. Kenya ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, mamlaka makubwa ya majimbo yalikuwa yamekwisha kufutwa. Seneti iliunganishwa na Bunge mwishoni mwa mwaka 1966, na mwaka 1968 hata mabaraza ya mikoa yaliyosalia kama kivuli yakaondolewa.

Kilichobaki Embu kilikuwa afisi ya Mkuu wa Mkoa, mtu aliyeteuliwa na Rais na kujibu kwa Rais. Mipaka iliyochorwa kwa ajili ya kujitawala ikawa mipaka ya kutawaliwa. Kwa karibu miaka 50 mambo makubwa ya barabara, hospitali na elimu ya nchi hizi yalingojea uamuzi wa wizara za Nairobi. Wilaya zilipokatwa, kama Tharaka-Nithi ilivyotolewa katika Meru mwaka 1992, zilikatwa kutoka juu. Hapo ndipo wengi walioyaacha majimbo yafe bila ya kuuliza walipoanza kutambua thamani ya kitu walichokuwa nacho mkononi.

 Ilibidi nchi ipite katika mapigano yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ndipo ikubali kujitengeneza upya. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi wenyewe walipiga kura wakaikubali katiba mpya. Jimbo kubwa la zamani halikufufuliwa. Badala yake ziliwekwa kaunti 47, nazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kaunti zilipewa kilimo, hospitali zao, barabara zao na shule za watoto wadogo. Katiba inaagiza kwamba zipewe kila mwaka si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwamba muundo wa ugatuzi usibadilishwe bila ya kura ya wananchi wote. Hivyo makosa mawili ya mwaka 1963 yalizibwa: fedha zilitajwa kwa hesabu, na mlinzi wa ngome akawa mpiga kura mwenyewe.

Ili tuone kwamba fundisho hili si la Kenya peke yake, tutazame Uskoti, nchi iliyoungana na Uingereza mwaka 1707. Mwaka 1997 Waskoti waliulizwa kama wanataka bunge lao, na karibu watu watatu katika kila wanne walikubali. Bunge hilo lilianza mjini Edinburgh mwaka 1999. Kwa sheria, lilikuwa dhaifu kuliko majimbo yetu ya 1963, maana liliundwa kwa sheria ya kawaida ya Bunge la London. Walakini limestahimili tufani nyingi. Mwaka 2014 Waskoti waliulizwa kama watajitenga kabisa, na asilimia 55 walikataa. Mwaka 2016 Uingereza iliamua kutoka katika Umoja wa Ulaya, ingawa asilimia 62 ya kura za Uskoti zilitaka kubaki. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine ya kujitenga bila ya ruhusa ya London. Na katika mwaka huo mmoja Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu. Pamoja na hayo yote, bunge la Edinburgh halikufungwa. Ngome yake haikuwa karatasi. Ilikuwa watu walioliomba.

Lakini kupewa mamlaka si sawa na kuyatumia vyema, na nchi zetu mbili zimeonja jambo hilo. Mwaka 2014 Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza katika Kenya kuondolewa na Seneti. Akaenda mahakamani, akarudi kazini, na mwaka 2017 watu wakamchagua tena. Katika Meru, wajumbe wa kaunti walipiga kura ya kumwondoa Gavana Kawira Mwangaza mara tatu. Seneti ilimwokoa mara mbili, lakini mwaka 2024 ikamwondoa, na Mahakama Kuu ikakubaliana nayo Machi 2025. Wako wasemao kwamba ugomvi huo waonyesha kuwa ugatuzi umeshindwa. Mimi naona vingine. Mkuu wa Mkoa wa zamani hakuondolewa na watu wa Embu wala wa Meru, hata angewakosea namna gani. Hawakuwa na mahali pa kumshtaki. Leo mahali papo, na hoja husikilizwa mchana, mbele ya watu. Hasara ipo pia, nayo ni kwamba siku za ugomvi ni siku zilizopotea kwa hospitali na barabara.

Basi kazi ya raia haikomi siku ya kura. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wa Meru au wa Embu aliye shuleni leo ana haki, kwa katiba, ya kujua kaunti yake imepokea fedha kiasi gani na imezitumia kwa kazi gani, na watu wa kwao wana haki ya kusikilizwa kabla bajeti haijapitishwa. Wazee wa Nchiru walitawala bila ya jela kwa kuwa watu walikuja barazani. Jimbo la Mashariki lilikufa kwa kuwa watu hawakulihesabu kuwa lao. Kaunti zitaishi au zitakufa kwa kipimo kicho hicho.